Unywele mmoja kwenye hodhi na dakika zisizolipwa

*"Dada, shikamoo. Nina miaka 27, nimemfuata mume wangu anayesoma uzamili Osaka. Nimeruhusiwa kufanya kazi saa 28 kwa wiki, na tangu Aprili nasafisha vyumba katika hoteli moja ndogo, siku tano kwa wiki, saa nne asubuhi hadi saa tisa. Vyumba ni vidogo lakini kimoja kinanichukua dakika 45, na wao wanataka 25. Mkuu wetu ni mama wa Kijapani wa makamo. Juzi aliniita kutoka ghorofa ya sita nirudi ya nne kwa ajili ya unywele mmoja kwenye hodhi. Alinionyesha kwa kidole bila neno, akasimama mpaka nikautoa. Nililia kwenye stoo ya mashuka. Hajawahi kuniambia nimefanya vizuri. Tunatakiwa kufika dakika 20 kabla ya zamu tuvae sare na kufanya mkutano, na hizo hazilipwi. Vyumba vikibaki tunagonga kadi saa tisa halafu tunaendelea, kwa kawaida dakika 40 hivi. Kiuno kinauma na kifundo cha mkono kinavimba. Wenzangu Wanepali wanasema ndiyo nidhamu ya Kijapani, nizoee. Mume wangu anasema nivumilie. Je, mimi ni mvivu? Au yule mama ananichukia kwa rangi yangu? Niache kazi?"*

Marahaba, mdogo wangu, na pole na kazi.

Nianze na uvivu, maana hilo ni jepesi. Mvivu hajui chumba kimemchukua dakika ngapi. Wewe unajua, na umehesabu mpaka dakika za baada ya kugonga kadi. Hilo tuliweke pembeni.

Kilichobaki ni mambo mawili yaliyofungwa katika furushi moja. La kwanza ni ukali juu ya chumba: unywele, alama ya maji kwenye bomba, kona ya shuka. La pili ni ukali juu yako: dakika zisizolipwa, kiuno, kadi inayogongwa kabla ya kazi kwisha. Wenzako wameyapa yote mawili jina moja. Ukiyakubali kwa pamoja utaumia, na ukiyakataa kwa pamoja utatupa ujuzi ambao ungekulisha popote duniani penye hoteli. Mimi nilisukuma toroli Kyoto kabla ya kuwa mkaguzi wa vyumba, na siku hizi nafundisha wanaoanza, kwa hiyo nitakufungulia moja moja.

Tuanze na dakika 45. Watu hudhani Mjapani anamaliza haraka kwa sababu mikono yake ni myepesi. Hebu simama mlangoni umtazame mmoja wa hao wa dakika 25. Hakimbii. Siri yake ni kwamba harudi nyuma. Anayeanza huingia chumbani akashika kilichomkera macho kwanza, kwa kawaida kitanda, kisha akakumbuka taulo, akatoka kwenye toroli, akarudi, akaona vumbi juu ya taa wakati shuka limeshatandikwa, akalipangusa likaangukia shuka. Kila safari ya toroli inakula muda, na kila mara unaposimama kujiuliza "sasa nini" inakula zaidi. Dakika zako 20 za ziada ziko humo, na wala haziko kwenye nguvu za mikono.

Chumba chenyewe kimejengwa kukusaidia. Hoteli za wafanyabiashara Japani huwa na vyumba vya mita za mraba 12 au 13 hivi, na bafu ni boksi moja lililotengenezwa kiwandani, sakafu na kuta na hodhi vimeungana. Bafu la namna hiyo lilipata jina wakati Hotel New Otani ya Tokyo ilipojengwa mbio mbio kwa ajili ya Olimpiki ya 1964. Vyumba vilikuwa zaidi ya elfu moja, na muda haukutosha kwa mafundi wa vigae, ndipo kampuni ya TOTO ikatengeneza mabafu kamili ya kuletwa na kupachikwa. Walikuwa wanatafuta kasi ya ujenzi, lakini anayefaidi mpaka leo ni msafishaji, kwa kuwa hana mistari ya vigae ya kusugua kwa mswaki. Nakwambia hili ili ujue kwamba sehemu kubwa ya sifa ya usafi wa Kijapani ilishaamuliwa na mchoraji wa jengo kabla wewe hujashika kitambaa.

Mpangilio ninaofundisha ni huu. Ukishafungua mlango, washa feni ya bafu. Mzunguko wa kwanza ni wa kutoa tu: mashuka, foronya, taulo, takataka, vikombe. Katika mzunguko huo huo macho yanatafuta vilivyosahaulika, chini ya kitanda, kwenye soketi ya nyuma ya meza, kwenye ndoano ya mlango wa bafu. Kilichomo ndani ya pipa ni taka. Kilicho juu ya meza si taka, hata kama ni karatasi iliyofinyangwa. Hoteli ya Imperial ya Tokyo, iliyofunguliwa 1890, inajulikana kwa kuhifadhi takataka za mgeni aliyeondoka kwa siku moja zaidi, endapo atapiga simu kuulizia namba aliyoiandika kwenye kipande cha karatasi. Sisi wa toroli hatujui kipi kina thamani kwa nani, ndiyo maana hatuamui.

Baada ya kutoa, nyunyizia dawa bafuni uiache ifanye kazi, uende ukatandike kitanda. Huo ndio wizi halali wa muda katika kazi yetu: dawa inasugua wakati wewe uko kwenye shuka. Kisha pangusa vumbi kutoka juu kwenda chini, kutoka ndani kwenda mlangoni, rudi bafuni usugue, usuuze, ukaushe. Taulo na sabuni ziingie zote kwa safari moja. Mashine ya kuvuta vumbi ni ya mwisho, ukirudi kinyumenyume kuelekea mlango.

Nimesema ukaushe, na hapo ndipo unywele wako ulipo. Unywele uliolowa hunata kwenye ukuta wa hodhi, na chini ya matone ya maji hauonekani. Unatoka bafuni ukiwa na hakika kwamba umesafisha, na kweli umesafisha. Mkaguzi anaingia nusu saa baadaye maji yamekauka, na unywele umejitokeza mweusi juu ya weupe. Yeye hakuwa na macho makali kuliko yako. Alikuja kwa wakati mwafaka. Dawa yake ni kitambaa kikavu cha mwisho, kutoka juu ya ukuta hadi tundu la maji, kisha uiname kidogo utazame hodhi kwa ubavu, mwanga ukiwa mbele yako. Usinikasirikie kwa hili linalofuata: funika nywele zako vizuri. Rasta za kusukia huachia nyuzi, na nimeshawahi kumrudisha binti chumbani kwa unywele uliotoka kichwani mwake mwenyewe. Kwa kitanda na zulia, tumia rola ya kunata. Kama haipo kwenye toroli lako, iombe.

Na toroli lenyewe lipange kabla ya kuanza. Hapa utashangaa, lakini Watanzania wengi wameshafundishwa jambo hili bila kupanda ndege. Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza mwaka 2007, kwa msaada wa JICA, shirika la misaada la serikali ya Japani, kupanga stoo na wodi kwa hatua tano za Kijapani, na hospitali nyingine zikafuata. Kwa Kiswahili wakaziita sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Muuguzi anayejua mkasi uko wapi bila kuutafuta anafanya jambo lile lile ambalo nakutaka ufanye na foronya.

Sasa yule mama. Unataka kujua kwa nini asimame kama askari kwa ajili ya unywele mmoja.

Elewa kwanza mnyororo uliopo juu yake. Hoteli nyingi Japani haziajiri wasafishaji moja kwa moja. Kazi hupewa kampuni ya usafi kwa mkataba, na sare yako au hati yako ya malipo itakuonyesha kama ndivyo ilivyo kwenu. Mgeni akiona unywele, analalamika mapokezi. Mapokezi wanampigia msimamizi wa kampuni, na msimamizi anamtafuta aliyetia saini kwamba chumba kimekaguliwa. Aliyetia saini ni yeye. Wageni wanaondoka saa nne au saa tano asubuhi, wapya wanaingia saa tisa alasiri, na katikati hapo kila chumba lazima kipite mikononi mwake. Katika saa hizo hana nafasi ya kutunga sentensi ya upole kwa lugha ambayo hana uhakika kama utaielewa. Ananyoosha kidole.

Na kidole chenyewe usikisome kwa macho ya Tanga. Kwetu kumwonyesha mtu kosa kwa kidole ni kumdhalilisha. Huko kidole ni kifaa cha kazi. Ukienda kituo chochote cha treni utamwona dereva au mlinzi wa jukwaa akinyooshea taa kidole na kutamka hali yake kwa sauti, hata kama yuko peke yake. Jaribio la taasisi ya utafiti wa reli ya Japani la mwaka 1994 lilionyesha kwamba kunyoosha kidole na kutamka kulipunguza makosa kwa karibu asilimia 85 katika kazi rahisi. Viwanda navyo vimeichukua tabia hiyo. Ijaribu wewe mwenyewe kabla ya kufunga mlango: nyooshea bomba, kioo, hodhi, pipa, rimoti, birika la umeme, ukitamka kila kimoja. Utajiona kichekesho siku za mwanzo, kisha utaanza kukamata makosa yako kabla yake.

Kusifiwa ni habari nyingine, na hapo sitamtetea sana. Wapo wanaodai kwamba Mjapani hasifii kwa sababu ubora ni wajibu. Ni kweli kwa wakuu wengi wa umri wake. Lakini chukua kampuni ya TESSEI, inayosafisha treni za Shinkansen, zile ziendazo kasi, katika stesheni ya Tokyo kwa dakika saba, ambayo wageni huipiga picha kana kwamba ni mchezo wa jukwaani. Mwaka 2005, wakati Teruo Yabe anaingia kwenye uongozi wake, kazi ile ilikuwa ya kudharauliwa, wafanyakazi wamevunjika moyo. Aliyoyabadilisha yalikuwa sare, viyoyozi kwenye vyumba vya mapumziko, kusikiliza mapendekezo ya wasafishaji, na utaratibu wa viongozi kuandika kila jema dogo walilomwona mtu akilifanya na kulitangaza. Kwa hiyo anayekwambia kwamba usafi wa Kijapani unatokana na kunyamaziwa na kukaripiwa, mpe mfano huo.

Hata habari ya kwamba ni damu yao si ya kweli. Watoto wa shule za Japani husafisha madarasa na korido zao wenyewe, kwa ratiba, kwa miaka, na hayo ni mafunzo kama mafunzo mengine. Mwanamke anayejulikana kuliko wote nchini humo kwa kazi ya usafi ni Haruko Niitsu wa uwanja wa ndege wa Haneda. Alizaliwa Shenyang, China, akahamia Japani akiwa na miaka 17, lugha haijui, akashika kazi ya usafi kwa kuwa ndiyo iliyopatikana bila maneno mengi. Mwaka 1997 akashinda mashindano ya kitaifa ya ufundi wa kusafisha majengo. Isitoshe, Wajapani wenyewe huikwepa kazi hii. Wana jina la kazi za aina hiyo, 3K, yaani chafu, ngumu na ya hatari, na ndiyo sababu mko hapo wewe na Wanepali.

Kuhusu rangi, siwezi kukuhukumia nikiwa mbali, na sitakudanganya kwamba ubaguzi haupo Japani. Ninachoweza ni kukupa kipimo. Mnepali naye akiacha unywele, anaitwa kutoka ghorofa ya sita? Vyumba vyako vinakaguliwa kwa orodha ile ile, au kwako anatafuta mpaka apate? Vyumba vigumu, vile vya wavuta sigara au vya familia yenye watoto, vinagawanywa kwa zamu au vinakuja kwako kila siku? Amewahi kutamka neno juu ya ngozi yako, nywele zako, harufu yako? Fuatilia wiki mbili ukiandika. Ikiwa ukali wake ni kwa wote, ni tabia ya kazi, ngumu lakini inasomeka. Ikiwa ni kwako tu, hiyo si nidhamu ya nchi yoyote. Sheria ya Viwango vya Kazi ya 1947, kifungu cha 3, inakataza kumtofautisha mfanyakazi kwa uraia wake katika mshahara, saa na masharti ya kazi, na tangu Aprili 2022 kila mwajiri, hata mdogo, anawajibika kuzuia unyanyasaji wa mkubwa kwa mdogo kazini.

Kwa sasa jaribu jambo moja linalofanya kazi mara nyingi kuliko watu wanavyotarajia. Chumba cha kwanza cha siku ukikimaliza, usikimbilie cha pili. Mwite na umwambie *kakunin onegaishimasu*, naomba unikagulie. Akikuonyesha kosa, jibu *sugu naoshimasu*, narekebisha sasa hivi, na urekebishe akiwa hapo. Usijieleze, usiombe radhi mara kumi. Mkuu anayeitwa kukagua anabadilika kutoka askari kuwa mwalimu, wala yeye mwenyewe hajui ni lini amebadilika. Muombe pia ufuatane na mmoja wa wenye kasi kwa chumba kimoja tu.

Hayo ni ya chumba. Furushi la pili ni jingine kabisa, na hapo nabadilisha sauti.

Dakika 20 za asubuhi na dakika 40 za baada ya saa tisa ni saa nzima kila siku. Kima cha chini cha mshahara Osaka tangu Oktoba 2025 ni yeni 1,177 kwa saa. Kwa siku tano hiyo ni yeni 5,885 kwa wiki, yaani zaidi ya 23,000 kwa wiki nne, ambazo unamfanyia mtu bure. Hakuna mapokeo ya Kijapani yanayohalalisha hilo. Mahakama ya Juu kabisa ya Japani iliamua Machi 2000, katika kesi ya wafanyakazi wa kiwanda cha meli cha Nagasaki, kwamba muda wa kuvaa mavazi ya kazi ambayo mwajiri ameyalazimisha yavaliwe hapo kazini ni muda wa kazi. Mwongozo wa wizara ya kazi wa Januari 2017 ukarudia hivyo hivyo kwa matayarisho ya lazima kabla ya zamu na usafi wa lazima baada yake. Mkutano ambao huruhusiwi kuukosa ni kazi.

Lakini kinachonitisha zaidi katika barua yako hukukiona wewe mwenyewe. Zamu zako za kwenye karatasi ni saa 25 kwa wiki. Ongeza hiyo saa moja ya kila siku: ni saa 30. Kibali chako ni cha saa 28, na kinachohesabiwa ni kazi uliyoifanya kweli, iwe imelipwa au haikulipwa. Maana yake wanakupunja mshahara na wakati huo huo wanakuvusha mpaka wa viza, na siku viza ya familia inapokwenda kuongezwa, mwenye kuulizwa ni wewe na mumeo. Mwanafunzi wakati wa likizo ndefu hupewa nafuu. Wewe uliyekuja kama mwanafamilia huna nafuu hiyo. Mwambie mume wako jambo hili leo. Huenda likapunguza mawaidha ya kuvumilia.

Na wala usidhani ukilalamika unawatukana Wajapani. Wao ndio waliolipatia neno *karoshi*, kufa kwa kazi, nafasi katika kamusi za dunia. Sheria yao ya mageuzi ya kazi iliyoanza 2019 iliweka kikomo cha kawaida cha ovataimu kuwa saa 45 kwa mwezi, kwa sababu familia za waliokufa zilipiga kelele miaka mingi. Kukaa kazini muda mrefu hakujawaletea hata tija: kwa kila saa ya kazi, Japani imekuwa ikishika mkia kati ya nchi saba tajiri za G7. Nyumba za wageni zilizo bora kabisa zililijua hili zamani. Kagaya, ile nyumba ya kulala wageni ya Wakura iliyoongoza orodha za ubora kwa miongo kadhaa kabla ya tetemeko la Januari 1, 2024 kuifunga, iliweka mitambo ya kusafirisha chakula kutoka jikoni hadi ghorofani ili wahudumu wasibebe sinia, na katika miaka ya 1980 ikajenga bweni lenye kituo cha kulelea watoto wa wahudumu hao. Mgongo wa mhudumu waliuhesabu kuwa sehemu ya huduma.

Mgongo wako basi. Usitandike ukiwa umekunja kiuno. Piga goti moja sakafuni, vitanda vya huko viko chini. Kwenye duveti geuka kwa miguu, usijinyonge kiunoni. Kifundo cha mkono kinaumizwa zaidi na kukamua kitambaa kuliko kusugua, kwa hiyo chukua vitambaa vingi vilivyokamuliwa mapema badala ya kukamua kimoja mara thelathini. Na chupa iliyoandikwa *mazeru na kiken* maana yake ni hatari, usichanganye: dawa ya klorini ikikutana na ya asidi hutoa gesi ya sumu, na bafu la boksi halina pa kupumulia. Mwombe mtu akuonyeshe maandishi hayo uyakariri kwa sura.

Ukianza kufa ganzi vidole usiku, kuanzia gumba hadi cha kati, au uvimbe usipungue baada ya siku kadhaa za kupumzisha mkono, nenda kliniki ya mifupa, *seikei geka*. Mweleze daktari kwamba maumivu yametokana na kazi, kwa sababu bima ya ajali za kazini, *rosai*, inamhusu hata kibarua mgeni, na hapo hutakiwi kutumia bima ya kawaida. Sitakuficha: maumivu ya kiuno yanayokuja pole pole ni magumu kuyathibitisha mbele ya bima hiyo, jeraha la ghafla ni rahisi zaidi. Lakini mguu ukilegea, sehemu za siri zikifa ganzi, au mkojo ukikataa kutoka, usisubiri miadi. Piga 119 siku hiyo hiyo.

Niache au nisiache? Kwa ninavyoona, usiache kazi hii ya mikono kabla hujaipata ile dakika 25, kwa sababu ndiyo inayokupa uhuru wa kuchagua hoteli. Lakini hoteli hii unaweza kuiacha mapema. Anza kwa kuuliza, si kushitaki: muda wetu unahesabiwa kuanzia saa ngapi? Uliza kwa maandishi, ujumbe wa simu unatosha, na jibu ulihifadhi. Wakirekebisha, baki; ukitimiza miezi sita kwa siku tano kwa wiki una haki ya siku 10 za likizo yenye malipo, na wengi huondoka bila kujua. Wasiporekebisha, tafuta hoteli nyingine ukiwa bado unalipwa hapo. Mkataba usio na tarehe ya mwisho unavunjwa kwa taarifa ya wiki mbili. Wenye tarehe una masharti yake, usome kwanza. Wakikutishia kwamba utalipa faini kwa kuondoka, kifungu cha 16 cha ile Sheria ya Viwango vya Kazi kinakataza kupanga faini za namna hiyo. Na ukiondoka deni lako halifi siku hiyo: mshahara usiolipwa unadaiwa hadi miaka mitatu nyuma.

Kuna hali mbili ambazo hazihitaji tena ushauri wangu bali mtu wa kukaa naye ana kwa ana. Ya kwanza ni wakiendelea kukugongesha kadi kabla ya kazi kwisha baada ya wewe kuuliza. Ya pili ni ukipata ushahidi kwamba ukali ule ni kwako peke yako. Nenda ofisi ya ukaguzi wa viwango vya kazi ya eneo lako, *Rodo Kijun Kantokusho*. Huduma ni bure, na mwajiri haruhusiwi kukufukuza kwa sababu ya kupeleka malalamiko huko. Beba kadi ya ukaazi, mkataba, hati za malipo, picha za ratiba ya zamu, na daftari ulimoandika kila siku saa ya kufika na saa ya kutoka. Daftari hilo lianze kesho, kwa kalamu, bila kurukaruka. Picha za ndani ya vyumba vya wageni usipige kamwe. Kabla ya kwenda, uliza wana mkalimani wa lugha gani siku ipi. Kiswahili hawana, Kiingereza ndicho utakachopata. Mumeo anaweza kukusindikiza akusaidie kutafsiri, mradi atafsiri tu.